Mji Una Ramani Yake

Katika Kiswahili cha Tarime na Serengeti, mkoani Mara, neno "mji" lina maana ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuidhania. Mgeni akiuliza njia ya kwenda kwa mzee fulani huambiwa apite shule, ashuke bondeni, apande tena, mji wake ni ule wenye miembe miwili. Hakuna lami huko wala taa za barabarani. Kuna zizi la ng'ombe, nyumba tano au sita, maghala ya nafaka, jiko la kila mke, kaburi la babu lililosakafiwa, na watu wa vizazi vitatu, pengine vinne. Huo ndio mji. Mzee aliyeuanzisha ni mwenye mji, na wengine wote ni watu wa mji ule.

Mji wa namna hiyo umekwisha kuhukumiwa. Hukumu yake husomwa kwenye mikutano ya hadhara, kwenye semina, kwenye mahubiri, na zaidi ya yote kwenye mazungumzo ya watoto waliosoma wanaporudi nyumbani Desemba. Inasema makazi ya kisasa ni kiwanja kimoja, nyumba moja ya bati, baba, mama na watoto wao. Kuishi na babu, shangazi na ndugu wanne waliooa ni ushamba: kunazaa ugomvi wa wake wenza, kunalea vijana wanaongojea urithi, kunafanya maji na umeme viwe ghali kufikisha, tena ndiko kunakofuga mila mbaya. Kijana mwenye akili, kwa hukumu hiyo, hununua kiwanja Mugumu au Sirari, akajenga, akafunga geti, na mzee akawa anatumiwa fedha kwa simu.

Hukumu hiyo ina kosa, na kosa lake ni zito. Inachanganya vitu viwili ambavyo mtu makini hana budi kuvitenganisha: ramani ya mji na kanuni za mji. Ramani, yaani jinsi nyumba, zizi, njia na watu wa rika mbalimbali wanavyopangwa mahali pamoja, ni kazi ya akili iliyosahihishwa vizazi kwa vizazi. Kanuni, hasa zile za nani anamiliki na nani anasikilizwa, zimewaumiza wanawake na zinaendelea kuwaumiza. Katika miaka 50 iliyopita waliodai kuleta maendeleo wameibomoa ramani na kuziacha kanuni zimesimama palepale.

Anayeuona mji wa Wakurya wa Tarime na Serengeti kama rundo la vibanda hajawahi kuona unavyojengwa. Kijana wa kiume akipevuka haendelei kulala katika nyumba ya mama yake. Hupewa pa kujenga kibanda chake ndani ya mji uleule. Akioa, nyumba ya mke hujengwa, na mahali pake hapachaguliwi na bwana harusi peke yake. Baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana wake. Kwa sababu hiyo mlango unatazama wapi, njia ya kwenda mtoni inapita wapi, mahali pa kuogea pamejificha upande gani, yote hupangwa kwa kufuata nani anamwonea nani haya. Baba na mwana hupewa nafasi ya kuheshimiana kwa mbali. Bibi na mjukuu hawana haya hiyo: mjukuu hutania, hudai chakula, hulala kwa bibi mpaka akue. Zizi liko katikati na nyumba zimelizunguka, maana ng'ombe ni mali ya kulindwa na macho mengi. Lakini kila nyumba ya mke ina shamba lake, jiko lake na ghala lake, na mke mmoja hachoti katika ghala la mwenzake bila kuomba. Ushirika na faragha vimetengewa mahali, kila kimoja mahali pake. Malcolm Ruel, Mwingereza aliyeishi na Wakurya katika miaka ya 1950, aliona katika mji huo jambo la kuandikwa kwa kina. Eva Tobisson wa Sweden, aliyefanya utafiti katika kijiji cha Nyamwigura huko Tarime na kuchapisha kitabu juu ya familia za Kikurya mwaka 1986, naye aliandika juu ya maisha ya nyumba hizo.

Ujenzi wenyewe ni wa wakazi. Nguzo hukatwa na wanaume, fito hufungwa na vijana. Siku ya kukandika, kazi inahamia kwa wanawake na watoto: udongo wa kichuguu unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu mpaka ushike, kisha tonge kwa tonge unapigwa ukutani. Ukishakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo, bibi huja na kinyesi cha ng'ombe kilicholainishwa, akasiriba kwa kiganja kilicho wazi, mkono ukienda nusu duara na kurudi, harufu yake ikichanganyika na ya moshi wa jikoni. Mjukuu wa kike husiriba kando yake kwa kadiri anavyofikia. Ukuta ukikauka, alama za vidole vya watu wawili huonekana juu yake, za bibi zikiwa pana na za juu, za mtoto zikiwa nyembamba na za chini, na hubaki hapo mpaka mvua za masika zizilambe. Nyumba ya tofali na bati haiondoi jambo hili. Tofali pia hufyatuliwa na kuchomwa na watu wa mji, na miji mingi ya Tarime leo ina bati tupu. Vifaa vimebadilika. Mpango ndio unaogombaniwa.

Hata kwa kuhesabu, mji haupo. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, kama sensa nyingine zilizoitangulia, ilihesabu kaya, na kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Mji wenye majiko matano uliandikwa kama kaya tano. Karatasi hazionyeshi kwamba kaya hizo tano zina zizi moja, kaburi moja, mzee mmoja wa kuuguzwa na watoto 15 wanaochungwa na yeyote aliye karibu. Mipango ya maji, ya nyumba na ya ustawi hufuata kaya. Kitu kisichohesabiwa hakipangiwi, na kisichopangiwa, baada ya muda, watu huanza kusema hakipo au hakifai.

Wanaosema mji ni adui wa maendeleo wanapaswa kueleza neno Ujamaa lilitoka wapi. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa huuhuu wa Mara, mwana wa Mtemi Nyerere Burito, katika mji wa wake wengi. Mama yake, Mgaya Wanyang'ombe, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1962 alipoandika juu ya ujamaa kama msingi wa usoshalisti wa Afrika, alichokuwa akikieleza ni maisha ya familia pana aliyoyajua tangu utotoni: heshima, kugawana, na kila mtu kufanya kazi. Tena hakuyapaka rangi. Katika waraka wake wa 1967 juu ya ujamaa vijijini alitaja kasoro mbili za maisha hayo ya zamani, nazo ni umaskini na hali duni ya wanawake. Hakuitaja ramani ya mji kuwa kasoro.

Kilichofuata kinajulikana na wazee wote wa Tarime na Serengeti. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Mara ilihamishwa mwaka 1974. Sheria ya vijiji ikafuata 1975. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, kila kaya na kiwanja chake, mwana mmoja huku, ndugu yake kule, mama yao kwingine, kwa mpangilio ambao mkamwana na baba mkwe walijikuta wanatazamana mlango kwa mlango. Ng'ombe hawakuwa na pa kulala. Mashamba yakawa mbali. Lilichukuliwa jina la familia pana, ikavunjwa familia pana yenyewe. Shabaha ya kuwafikishia watu shule na zahanati ilikuwa njema, na shule zile zimewasomesha wengi. Hilo lisemwe bila kinyongo. Lakini wakazi hawakuulizwa wapangwe vipi. Katika miaka ya 1980, amri ilipolegea, familia nyingi zilirudi polepole kwenye mahame yao na kujenga tena kuzunguka zizi. Hakuna aliyewalipa wala kuwashawishi. Walirudi kwa sababu ramani ile iliwafaa.

Je, huo ulikuwa ukaidi wa watu wasiobadilika? Historia inakataa. Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Nata, Ikoma, Ishenyi na Ngoreme na kuyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, anaonyesha watu waliobadilisha mtindo wa makazi yao kila dunia yao ilipobadilika. Wakati wa njaa, magonjwa na uvamizi mwishoni mwa karne ya 19 walijikusanya pamoja kwa ulinzi. Hatari ilipopungua walitawanyika tena. Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Migori, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizoanza kujengwa pengine katika karne ya 16 kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zikizunguka nyumba na mazizi. Jamii moja baada ya nyingine ziliishi humo na kuzikarabati. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wa eneo hili, kutoka Migori hadi Mugumu, wamekuwa wasanifu wa makazi yao kwa muda mrefu kuliko idara yoyote ya mipango miji.

Hoja ya gharama za huduma inarudiwa sana, kwa hiyo ipimwe kwa hesabu. Mji wenye nyumba sita mahali pamoja unahitaji mita sita za umeme, lakini nguzo ni ileile. Nyumba sita zilizotawanyika katika viwanja sita, kama ndugu wale sita wangefuata ushauri wa kisasa, zinahitaji nguzo sita au zaidi. Tangi moja la maji ya mvua lenye ukubwa wa kutosha ni nafuu kuliko madogo sita. Mtambo wa biogesi hutaka kinyesi cha ng'ombe kila siku bila kukosa. Zizi la pamoja linao, kaya yenye ng'ombe mmoja aliyefungwa nyuma ya nyumba haina. Kinachofanya huduma kuwa ghali vijijini ni umbali kati ya mji na mji, na umbali huo haupungui kwa kuugawa mji mmoja vipande sita. Unaongezeka.

Kuna pia suala la usiku. Ukanda wa Serengeti unaopakana na hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa 1994, si mahali pa watu kulala usingizi mzito wakati mahindi yanapokomaa. Tembo huja baada ya giza. Shamba la ekari mbili linaweza kwisha kati ya saa saba na saa tisa za usiku. Anayelinda hukaa kwenye kichanja na tochi, debe la kupiga na moto unaofuka pilipili, na kelele yake ina maana tu ikiwa kuna wa kuiitikia. Katika mji, wanaume na vijana hupokezana: mmoja mpaka saa sita, mwingine mpaka alfajiri, na mtoto mchanga ana bibi wa kumshika mama yake anapotoka na debe. Katika nyumba ya baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi, nani alinde, nani alale, nani alime asubuhi? Serikali hutoa kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao, na ni haki itoe. Lakini fedha ile hufika baada ya mahindi kuliwa. Watu wanaoishauri familia ya kijiji cha Robanda au cha Nata iishi kwa mtindo wa mtaa wa Mwanza wangefanya vema walale huko mwezi mmoja wa Mei.

Vivyo hivyo kwa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo itabaki kuwa taasisi ya msingi ya kuwatunza, na makao ya wazee ni hatua ya mwisho kabisa. Serikali hiyohiyo, kwa mkono mwingine, inapima viwanja ambavyo havina nafasi ya nyumba ya pili. Bibi mwenye miaka 80 anaachwa na nyumba aliyoisiriba mwenyewe, miembe yake na simu ya tochi. Fedha humfikia. Lakini fedha haimgeuzi kitandani, haimchotei maji, haimwulizi mbona leo hujala. Ugonjwa wa mzee hauhitaji tu fedha. Unahitaji mtu aliye umbali wa mita 30 ambaye atasikia kikohozi kimebadilika.

Sasa yafaa kugeukia hoja iliyo na nguvu kweli, ile ya wanawake. Anayeutetea mji akaikwepa hoja hii hastahili kusomwa.

Ni kweli kwamba katika mji wa Kikurya mwanamke hujenga nyumba asiyoimiliki. Ni kweli kwamba mahari ya ng'ombe imefanywa kuwa kama risiti ya ununuzi. Nyumba ntobhu, ndoa ambayo mama asiye na mtoto wa kiume humwoa msichana ili amzalie warithi, imewapa wajane wengi familia na mkono wa kuwazika. Vilevile imewafunga wasichana wadogo, waliotolewa kwa ng'ombe, katika maisha wasiyoyachagua. Ni kweli kwamba Desemba inapokaribia, hasa katika miaka ya msimu wa ukeketaji, wasichana hutoroka usiku kwenye miji ya babu zao wakakimbilia kituo cha Masanga kule Tarime au Nyumba Salama ya Mugumu. Kuwakeketa wasichana ni kosa linaloadhibiwa na sheria tangu 1998. Hakuna zizi wala mwembe unaoweza kufidia damu ya mtoto.

Lakini itazamwe vizuri. Ramani ilivunjwa 1974. Familia zilitawanywa viwanjani, na nyingine nyingi zimejitawanya zenyewe tangu hapo. Je, wembe uliondoka? Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa kuzaa wamekeketwa; wa 2022 ulikuta asilimia 28. Kiasi hicho kidogo cha kushuka hakikuletwa na geti wala kiwanja. Kililetwa na walimu, na polisi waliothubutu, na wanawake wa hapohapo waliosimama mbele ya wazee wao wakakataa, na wasichana wenyewe waliokimbia na kukuta mlango uko wazi. Na tazama kinachowapokea wasichana hao: nyumba kubwa yenye mama walezi, dada wakubwa na wadogo, jiko la pamoja na bustani ya pamoja. Wanapokimbia mji unaowadhuru, kinachowaponya ni mji mwingine wenye kanuni nyingine.

Hivyo hivyo kwa ardhi. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoziandika sheria za kimila za urithi, lilimweka binti katika daraja la mwisho la warithi na mjane mwenye watoto likamnyima fungu lake, likisema atatunzwa na wanawe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliona Tanzania imevunja haki za wajane wawili walionyimwa urithi kwa kanuni hizo. Mjane anayeishi peke yake kwenye kiwanja cha marehemu mumewe haokolewi na upweke wake. Shemeji akija na karatasi, mjane huyo yuko dhaifu zaidi, kwa sababu hakuna mama mkwe, wifi wala jirani wa ukuta wa pili wa kushuhudia kwamba nyumba ile aliijenga yeye. Kinachomwokoa ni jina lake kuandikwa kwenye hati. Kanuni ndiyo ya kuvunjwa, na kanuni huvunjwa kwa sheria na kwa ujasiri, si kwa kuhamisha kuta.

Ugomvi? Upo. Wake wenza hugombana, ndugu hugombania mipaka, na Tarime inajua gharama ya mapigano ya koo. Lakini ndugu waliojenga Sirari na Musoma nao hugombana, tena hugombania mahakamani, kwa fedha ambazo zingejenga nyumba ya tatu. Mji ulikuwa na namna ya kuketi. Juu ya mji lilikuwapo iritongo, baraza la jamii ya eneo, ambalo Suzette Heald, katika maandishi yake ya 2006 juu ya sungusungu kaskazini mwa Tanzania, ameeleza jinsi lilivyofufuliwa kupambana na wizi wa ng'ombe. Kasoro ya mabaraza hayo ni kuwa ya wanaume, na nyakati nyingine ya kikatili. Itengenezwe kasoro hiyo. Ndugu wanaoishi mbalimbali hawana hata pa kuketi.

Kwa wenye kudhani kuishi kiwanja kimoja kimoja ndiko kunakoleta utulivu, Nyamongo, kule Tarime, inatoa ushahidi mchungu. Tangu mgodi wa North Mara uanze kuchimba dhahabu mwaka 2002, kuzunguka vijiji kama Nyangoto, Kewanja na Matongo limeenea neno tegesha. Nyumba ya tegesha hujengwa haraka, tofali juu ya tofali bila msingi wa maana, kwenye ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa, ili ihesabiwe na kulipwa. Hakuna anayepika humo. Hakuna bibi aliyesiriba. Watu wamelaumiwa kwa ujanja huo, lakini wameusoma mfumo kama ulivyo: kanuni za fidia za 2001 zinalipa thamani ya soko, usumbufu, usafiri, kodi ya nyumba ya miezi 36, kila mtu na jengo lake. Mji uliopangwa kwa miaka 60 hauna safu yake katika fomu. Unalipwa jengo jengo, watu wake wanasambaa na mabunda yao ya noti, na anayesimama penye zizi la zamani baada ya mwaka mmoja anaona kifusi cha mawe ya mgodi. Mfumo unaolipa majengo tu huzaa majengo tu.

Dunia ya matajiri, wakati huohuo, imeanza kuutafuta mji. Mwaka 1967 mwandishi wa Denmark, Bodil Graae, aliandika gazetini kwamba mtoto anastahili kuwa na wazazi mia. Msanifu Jan Gudmand-Høyer alikuwa akiwaza jambo la namna hiyo, na mwaka 1972 familia 27 zilihamia Sættedammen, kaskazini mwa Copenhagen, katika makazi waliyoyapanga wenyewe: nyumba za binafsi na nyumba moja ya pamoja ya kupikia, kulea watoto na kukutana. Mtindo ule umeenea Ulaya na Marekani. Tarime haina haja ya kuomba sifa kwa Denmark. Lakini kuna jambo moja la kujifunza kule, nalo linahusu kanuni: mwanamke wa Sættedammen alikuwa na sauti kwenye mkutano wa kupanga tangu siku ya kwanza.

Mfano wa karibu zaidi uko Chamazi, Dar es Salaam. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu wa Kurasini, wapangaji hawakuwa na cha kulipwa, kwa kuwa hawakumiliki nyumba. Vikundi vya kuweka akiba, wengi wao wanawake, viliunda ushirika wa nyumba wa Muungano, wakishirikiana na shirika la CCI, wakanunua ekari 30, wakachora mtaa wao, wakafyatua tofali kwa mikono yao. Mikopo imekuwa migumu kulipa, na Chamazi ni mbali na riziki za mjini. Hata hivyo walipanga kwanza, kisha wakajenga, na jina la mwanamke lilikuwa kwenye karatasi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mji wa Mara umeikosa.

Na sheria ya kuipata ipo tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 18 inaruhusu hakimiliki ya kimila itolewe kwa mtu mmoja, kwa familia, au kwa kundi la watu wawili au zaidi. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu kumiliki na kutumia ardhi. Kifungu cha 23 kinaitaka halmashauri ya kijiji kulipokea ombi la mwanamke sawa na la mwanaume. Vikisomwa pamoja, vifungu hivyo vinaruhusu mji wa vizazi vitatu kupimwa kama mji, ukapewa hati moja yenye majina ya mama, ya wake, ya wakamwana na ya mabinti pamoja na ya wanaume, na mpango wa ndani ukabaki kama wakazi walivyouchora. Kinachokosekana ni watu kuambiwa hivyo, na maofisa kuacha kuandika jina la mwenye mji peke yake kwa sababu ndilo lililotajwa kwanza.

Kazi hiyo inaweza kuanza bila sheria mpya. Timu ya mpango wa matumizi ya ardhi ifikapo kijijini, isiishie kwenye ofisi ya mtendaji. Iingie katika mji. Mikeka itandikwe karibu na zizi, watu wote waketi, bibi aanze kusema, mkamwana aliyeolewa mwaka jana asisemewe na mtu bali aseme mwenyewe, na binti aliyeachika akarudi aonyeshwe mahali pa nyumba yake. Wachore mavumbini kwa kijiti, wafute, wachore tena, kisha mpima aweke alama. Halmashauri za Tarime na Serengeti zianze na mji mmoja katika kila kata, kiangazi hiki, kabla mahindi hayajapandwa.